Mfagiaji wa Daraja Lililozama

Kwa miaka kumi na tisa niliandikwa mfagiaji wa daraja, na katika miaka hiyo yote sikufagia daraja hata siku moja. Nilivusha magari. Nilivusha pikapu za Peugeot, Land Rover ya padri, lori la saruji, trekta moja ambalo nusura linitoe roho, mbuzi wa mahari, maiti wawili waliorudishwa kwao kuzikwa, na kwaya isiyokubali kunyamaza hata katikati ya maji. Hakuna nilichokizamisha. Nasema hivyo mapema kwa sababu nimezeeka, na sioni faida ya kujifanya mnyenyekevu.

Mimi ni mtu wa upande wa Mikinduri, kule juu Meru ambako mito ni myembamba na yenye kelele, na hakuna anayemfundisha mtoto kuogelea kwa kuwa hakuna pa kuogelea. Nilishuka Embu kukaa na dada yangu aliyeolewa huko, nikatafuta kazi hadi soli za viatu zikaisha. Siku moja nikasikia kwamba ofisi fulani, ambayo sitaitaja kwa sababu baadhi ya waliokuwa ndani yake bado tunasalimiana, inatafuta mfagiaji wa daraja huko Mbeere, mbele ya Siakago. Kazi ya ufagio ilihesabiwa kuwa ya wanawake, kwa hiyo hakuna mwanamume aliyejisumbua kuiomba. Nikapewa barua, koti la kijani lililonizidi mabega, na ufagio mpya wa mpini mrefu. Nikapanda gari na ufagio wangu hadi Siakago, watu wakinitazama, kisha nikatembea karibu mchana kutwa mpaka nikafika mahali ambapo barabara iliingia majini.

Sikosei kusema iliingia majini. Barabara ilikuja vizuri, na changarawe zake na mifereji yake, halafu ikateremka ndani ya maji kama ng'ombe anayekwenda kunywa, ikapotea.

Zamani palikuwa na daraja dogo la saruji mahali pale, juu ya kijito. Kisha mto Tana, ambao wenyeji huuita Thagana, ukazibwa ili kutoa umeme. Maji yakapanda polepole, yakameza kijito, yakameza daraja, yakakizunguka kilima kilichokuwa ng'ambo. Wengi walihamishwa. Lakini juu ya kilima zilibaki nyumba kama sitini, shule na kanisa, na kilima kikawa kisiwa. Waliojenga bwawa wakawaachia watu hao feri ndogo: sakafu ya mbao nene iliyofungwa juu ya matangi ya chuma, waya mnene uliotoka ukingo huu hadi ule, na gurudumu la chuma lenye mipini miwili. Ukizungusha mpini, gurudumu linauvuta waya, na feri inatambaa. Ilibeba gari moja kwa safari moja.

Watu wa kilimani hawakuona haja ya kubadilisha jina. Walikuwa wamezoea kusema wanakwenda darajani, wakaendelea kusema wanakwenda darajani. Na kule ofisini, ndani ya kitabu cha madaraja, lile lililozama lilibaki na namba yake, zima kabisa, likingoja kufagiwa.

Mimi sikuyajua hayo. Nilichokiona ni mzee mfupi ameketi ukingoni mwa feri, amevaa buti za mpira na kofia ya sufu katika joto lile la Mbeere linalokausha mate mdomoni. Alikuwa na abiria wake saba au wanane wanaongoja. Akautazama ufagio, akanitazama mimi.

"Msichana, hiyo fagio ni ya nini?"

"Nimetumwa kufagia daraja," nikasema. "Iko wapi?"

Akaelekeza kidole chini, majini. "Iko hapo. Anza."

Watu walicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Sasa, sisi watu wa Meru tunasemwa kwamba hasira zetu ziko karibu kama kiberiti cha mfukoni, na siku ile sikuwatia aibu watu wa kwetu. Nilivua viatu, nikaingia majini hadi magotini na ufagio wangu, nikageuka nikamwuliza nianzie upande gani.

Mzee hakucheka. Akasema, "Toka huko, kuna kiboko. Weka hiyo fagio kwa kibanda, halafu ukuje ushike mpini."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Niliyavulia viatu tu, lakini niliyaoga miaka kumi na tisa.

Jioni hiyo ndipo aliponieleza kwamba yeye pia alikuwa mfagiaji. Alikuwa mfagiaji namba moja, mimi namba mbili. Kabla ya feri alikuwa kibarua wa waya na winchi kwenye ujenzi wa bwawa, na waliojenga walipoondoka walimwachia kazi hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua. Lakini ofisi ililipokea daraja, haikupokea feri. Na kitabu cha madaraja hakina mahali pa kuandika mtu anayevusha, kwani daraja halivushwi wala halivushi, limesimama tu. Kina mahali pa mfagiaji.

Jambo hilo lilimkera kama mchanga ndani ya ugali. Hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa na mbuzi zake, shamba lake la ndengu na mtama, na mke aliyemzidi kimo na maneno. Lakini kazi yake aliijua mpaka kwenye kucha, na alitaka iandikwe kwa jina lake.

Jina lenyewe alipewa na mchinjaji mmoja wa Siakago, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani na Kiswahili chake kilikuwa laini, si kama chetu cha kukwaruza. Mchinjaji huyo alikuja kila wiki na pikapu yake kununua mbuzi kilimani. Kabla ya kupandisha gari alikuwa akisimama ukingoni, anaweka mkono kifuani, na kusema, "Salama, nahodha? Twaomba njia."

Mara ya kwanza mzee aliuliza hilo ni neno gani. Mchinjaji akamweleza: mwenye chombo, mwenye amri juu yake, ambaye hata sultani akipanda anamtii mpaka nchi kavu. Safari hiyo mzee alizungusha mpini peke yake mpaka ng'ambo, akikataa kusaidiwa. Tangu siku hiyo alitaka neno hilo moja liandikwe kwenye karatasi kabla hajastaafu. Hakujua kusoma, na labda ndiyo maana aliheshimu karatasi kuliko sisi tuliojua.

Kwa hiyo nikawa mwandishi wake. Alikaa juu ya jiwe, mimi nikiwa na kalamu na karatasi ya daftari, akasema, "Andika. Hii si daraja. Daraja ilikufa maji. Hii ni feri. Mimi si mfagiaji, mimi ni nahodha. Hapo kwa nahodha uweke herufi kubwa."

Niliandika, nikaweka herufi kubwa. Baada ya miezi mitatu lilikuja jibu lililopigwa chapa, likisema kwamba ombi letu la vifaa limepokelewa na kufikiriwa. Pamoja na jibu zilikuja fagio mbili.

Tuliandika kila mwaka. Kila mwaka zilikuja fagio. Niligawa kwa shule, nikagawa kwa kanisa, nikawapa mabibi harusi. Naamini hakuna kisiwa nchini Kenya kilichofagiwa vizuri kama kile. Ule wangu wa kwanza tu ndio sikuugawa. Niliusimamisha nyuma ya mlango wa kibanda ukiwa bado umefungwa karatasi yake ya dukani, kwa kiburi.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu watu hudhani ni nguvu za mikono tu. Nguvu ulihitaji, ndiyo. Viganja vyangu mpaka leo vinakwaruza kitambaa. Lakini kazi ilikuwa kwenye mstari. Ubavuni mwa kila tangi mzee alikuwa amechora mstari mwekundu kwa rangi ya mafuta. Gari likishapanda na kuzuiwa kwa kabari za mbao, dereva akishatoka na vioo vikiwa vimeteremshwa, na watu wakishakaa, mimi nililala kifudifudi sakafuni nikachungulia chini. Mzee aliuliza kwa sauti ya kusikika ukingo mzima, "Mstari unasema nini?" Nikijibu "Unaonekana," tuliondoka. Nikijibu "Umezama," mtu au mzigo ulishuka, na hakuna aliyeulizwa cheo chake.

Mzee hakuinama kuangalia mwenyewe. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, na aliniamini. "Wewe ndio msomaji," aliniambia. "Mimi nauliza, wewe unasoma."

Mwaka wangu wa kwanza nilimdanganya mara moja. Ilikuwa ile kwaya. Walikuwa wamealikwa kuimba kwenye harusi kilimani, wamevaa sare mpya, na pamoja nao pikapu iliyojaa magunia ya ndengu ya mkulima mmoja aliyekuwa akirudisha mbegu nyumbani. Nililala, nikachungulia, na mstari haukuwepo. Ulikuwa chini ya maji upana wa kidole. Kiongozi wa kwaya alikuwa mama mnene mwenye sauti nzuri ambaye asubuhi ile alinipa ndizi mbili. Nilijua nikisema umezama, macho ya watu wote yatamgeukia yeye. Nikaona haya.

"Mstari unasema nini?"

"Unaonekana."

Tulikwenda vizuri mpaka katikati. Upepo ukaja, mawimbi madogo tu, lakini maji yakapanda sakafuni, yakaingia viatuni mwa kwaya, na magunia mawili yaliyowekwa chini yakalowa. Kwaya iliimba kwa sauti ya juu zaidi, na siyo kwa furaha. Tulifika. Hakuna aliyeumia. Mzee hakunipigia kelele mbele ya watu. Alisubiri wote waondoke, akapiga magoti kwa shida, akaingiza mkono majini akapapasa tangi. Mstari ulikuwa umerudi juu kwa sababu mzigo umeshuka, lakini ubavu wa tangi ulikuwa umelowa juu yake, na kidole chake kilijua.

"Ulisoma nini?"

Nikaanza kuokota kabari.

"Ulisoma chenye ulitaka," akasema. "Msomaji anasoma chenye imeandikwa. Hata kama ni mbaya. Hata kama ni mama yako amepanda. Maji haioni huruma, kwa hivyo wewe usione huruma kwa niaba yake."

Siku tatu nilianika ndengu za mkulima yule juu ya mkeka, nikizigeuza mchana kutwa, na nyingine zilikuwa zimeshaanza kuchipua. Nililia, si kwa kuchoka bali kwa aibu. Tangu siku hiyo sikuwahi kusema uongo kuhusu mstari. Niliwahi kumshusha mkuu wa shule. Niliwahi kumshusha padri, akabaki ukingoni na begi lake, akicheka kwa uzuri wote wa roho yake.

Halafu kikaja kibao. Ofisi iliamua kuweka vibao kwenye madaraja yote madogo, na wafanyakazi wawili wakaja na chepe, wakakisimika pale barabara inapoingia majini: DARAJA. UZITO USIZIDI TANI 10. Mzee aliniuliza kimeandikwa nini, nikamsomea. Akauliza tena. Feri yetu ilikuwa ya tani tatu, na hizo tatu siku isiyo na upepo.

Tuliwaambia wale wawili kwamba wamekosea. Wakatuonyesha orodha yao, namba ya daraja ikilingana, wakatia sahihi, wakaondoka. Tulichofanya ni kukiheshimu kama mtu anavyomheshimu jirani mwongo: unamsalimu lakini hufuati anayosema.

Kibao hicho ndicho kilichotuletea siku kubwa kuliko zote. Kilimani walikuwa wameanza kujenga zahanati. Kuta zilikuwa zimefika kiunoni na saruji imekwisha. Saruji ikaja kwa lori dogo kutoka Embu, limejaa mpaka springi zimelala, dereva wake kijana amevaa miwani ya jua. Lilisimama mbele ya feri likinguruma.

"Mzee, teremsha hiyo mlango nipite."

"Uko na tani ngapi?"

"Gari na mzigo haifiki saba. Si unaona signboard? Tani kumi."

Mzee alikitazama kibao kana kwamba anakiona mara ya kwanza. "Hiyo imeandikiwa ile ingine, iko chini. Kama unataka kupita kwa ile, teremka uiulize."

Watu wakacheka, na dereva akakasirika. Alitoa karatasi yake ya safari kutoka kwenye kioo cha mbele, akaifuata kwa kidole. "Hapa imeandikwa nikifika nione mfagiaji wa daraja. Si mfagiaji ni wewe? Sasa mfagiaji ananiambia maneno ya tani? Nitaenda kwa ofisi niseme mfagiaji amekataa mzigo ya serikali."

Nilitaka kumrukia yule kijana na kumvua ile miwani. Mzee akanyoosha kofia yake ya sufu.

"Ndio," akasema. "Mimi ni mfagiaji. Na mfagiaji amesema hapana."

Sijapata kusikia "hapana" iliyosimama wima kama ile.

Kisha akageuka akaanza kutoa amri. Lori lishushwe mzigo wote. Akatuma mtu kwa mtumbwi kupiga kengele ya shule. Watoto wakatumwa nyumbani kuita mama zao, na baada ya muda ng'ambo ikajaa watu. Tulipakia magunia kwenye feri, tukavusha, tukarudi, tukapakia tena. Kila safari nililala kifudifudi, kila safari nilisoma. Ng'ambo wanawake waliweka gunia mgongoni na mkanda wa ngozi kichwani, wakapanda kilima wakiwa wamejipinda, wakarudi weupe kwa vumbi la saruji, wakituuliza kwa mzaha kama sasa wamekuwa Wazungu. Dereva alikaa ndani ya lori safari ya kwanza. Safari ya pili alitoka. Safari ya tatu alivua miwani akaanza kubeba.

Mwisho tukavusha lori lenyewe, tupu. Nililala. Mstari ulionekana, vidole viwili juu ya maji, mwekundu, na nikasema "Unaonekana" kwa sauti ambayo nadhani walinisikia Siakago.

Tulipofika, dereva alinivuta pembeni. "Huyu mzee, kazi yake inaitwa nini kwa ukweli?"

"Nahodha."

"Nahodha ni ya bahari."

"Basi leta bahari yako hapa aivushe," nikamwambia.

Zahanati ile bado ipo. Kila nikipita nazitazama kuta zake na najua magunia yake yalikuwa mangapi, na sihitaji mtu aniambie kama nilifanya kazi maishani mwangu.

Dereva alikwenda ofisini, kama alivyoahidi, lakini nafikiri alisema maneno tofauti na aliyokusudia, kwa sababu mwezi uliofuata alikuja injinia. Alikuwa kijana mpole, mwenye gari dogo jeupe na kitabu cha madaraja chini ya kwapa. Alisimama ukingoni akitazama maji, akatazama kitabu, akatazama maji. Mzee akamwamuru atoke garini, ateremshe vioo, akae kwenye benchi kama abiria wengine. Alikaa, ameshika ubao kwa mikono miwili, maana, kama sisi sote, hakujua kuogelea. Tulipogusa ng'ambo alipumua, akasema, "Daraja lenu liko vizuri sana, mzee." Halafu akasikia alichosema, akacheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho.

Alituuliza kila kitu. Alipima matangi. Kile kibao aliking'oa kwa mikono yake akakitupa ndani ya buti ya gari. Mzee akamwambia hana ombi jingine, bali neno moja tu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu.

"Nitaandika," injinia akasema, na akaandika palepale katika daftari lake dogo. Nililiona kwa macho yangu: nahodha. Nikamwomba aweke herufi kubwa, akaweka.

Mwaka ule mzee alitembea kama kijana. Alinifundisha kusuka waya uliokatika, kusikiliza gurudumu linapolia kwa kukosa grisi, kukadiria upepo kwa majani ya muguka, ule mmea wa kutafunwa, yaliyo ukingoni. Aliniachia mpini mara nyingi zaidi, akasimama pembeni akikosoa. Injinia tulisikia amepata uhamisho kwenda mbali. Sikutaka kuwaza kwamba daftari lake lilihama naye, na mzee hakuliwaza kabisa.

Barua ya kustaafu ililetwa na mchinjaji kutoka posta ya Siakago, siku ya soko, saa ya mchana watu wakiwa wengi. Mzee alikuwa ameshatangaza tangu mwanzo wa wiki ile kwamba neno lake linakuja. Alivaa shati jipya jeupe lenye mikunjo ya dukani. Mke wake alivuka kutoka kilimani, na walimu, na mama yule wa kwaya, na wanawake waliobeba saruji. Mchinjaji aliweka mkono kifuani, akanikabidhi bahasha. Mzee alikaa kwenye benchi la abiria, akavua kofia yake. Sikuwahi kuona kichwa chake kabla ya hapo. Kilikuwa na mvi chache sana.

"Msomaji," akasema, "soma."

Nilifungua. Karatasi ilikuwa fupi. Nilipita juu yake mara moja kwa macho. Nilirudia, labda nimeruka mstari. Sikuwa nimeruka.

Nawaambia ukweli, nilikuwa na lile neno mdomoni. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Nani angenilaumu? Mwalimu aliyesimama nyuma yangu alikuwa ameshaisoma kupitia bega langu, na nilimsikia akivuta pumzi, na nilijua angenyamaza mpaka kaburini. Lilikuwa neno moja tu, na mzee angekufa nalo akiwa na furaha.

Macho ya mzee yalikuwa yakinitazama, na ukungu wake. Akauliza kwa ile sauti ya kazini, ya ukingo mzima.

"Mstari unasema nini?"

"Umezama, mzee."

Mke wake aliweka kiganja mdomoni. Mzee akaitikia kwa kichwa polepole.

"Basi soma chenye imeandikwa."

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti yote, kwa sababu kama ni kusoma basi ni kusoma, ingawa machozi yalinifanya nione herufi mbili mbili. Ilisema kwamba mtajwa, mfagiaji wa daraja, ametumikia kwa uaminifu na bila lawama, na kwamba daraja alilokabidhiwa limekuwa safi wakati wote.

Mzee alibaki amekaa. Kisha akainuka, akaingia kibandani, tukasikia anapekua. Alitoka na ufagio. Haukuwa mmoja wa zile za mwaka ule. Ulikuwa wangu, ule wa kwanza, nilioingia nao majini siku ile. Akauchania karatasi yake. Akapanda feri na shati lake jipya, akaanza kufagia. Alianzia mlangoni, ubao kwa ubao, akaondoa mavi ya mbuzi, majani, vumbi la ndengu, akapita chini ya benchi, akazunguka gurudumu, akamaliza ncha ya pili. Hakuna aliyecheka. Mchinjaji alikuwa amesimama na mkono wake kifuani muda wote ule.

Alipomaliza aliusimamisha ufagio wima, akapumua.

"Sasa," akasema, "hawajasema uongo."

Akaja mpaka niliposimama, akachukua barua, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Kisha akakaa kwenye benchi la abiria, kati ya mke wake na mama wa kwaya, akaweka mikono magotini.

"Nahodha," akaniita mbele ya watu wote, "tunaomba njia."

Nililala kifudifudi na machozi yangu, nikachungulia, nikainuka nikashika mpini. Feri ikaanza kutambaa. Katikati ya maji alishindwa kuvumilia, akasimama, akanyoosha shingo kuangalia upande wa matangi.

"Umesoma mstari?"

"Nimesoma, unaonekana," nikamwambia. "Keti chini, mzee. Abiria hasimami."

Akaketi.